Diski Isiyoonekana

Wazee wetu wa mwambao walikuwa na kasha. Kasha la mbao nzito, lenye njumu za shaba, liliwekwa chumba cha ndani, na humo mlikuwa na hati ya shamba, barua za jamaa walio ng'ambo, dhahabu ya bi harusi na picha mbili tatu zilizoanza kufifia. Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja. Kasha hilo bado lipo katika nyumba nyingi, lakini aghalabu huhifadhi mashuka tu. Yale yaliyokuwa yakitiwa ndani yake yamehamia kwenye simu, na simu huanguka majini, huibiwa, hujaa.

Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, tulikubaliana miaka kadhaa iliyopita kuwa na kasha la namna nyingine: kompyuta ya mezani isiyo na skrini wala kibodi, iliyowekwa ghorofani na kuachwa inawaka usiku na mchana, ili kila mtu wa nyumba apate kuweka humo picha na hati zake. Mafundi huiita seva. Ndani yake mlikuwa na diski mbili za terabaiti 4 kila moja, zilizopangwa kama mtu na kivuli chake: kinachoandikwa katika ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Mna mengi humo, lakini lililo na uzito kuliko yote ni sauti. Katika miaka ya 1980 mjomba alimrekodi nyanya, mama yake mama yangu, kwa kaseti, akieleza nasaba ya jamaa: nani alitoka Pate, nani alioa Siyu, nani alipanda jahazi asirudi. Tulizihamisha kaseti hizo katika kompyuta zikiwa bado zinasikika. Tangu hapo mbili zimekatika na nyingine zimeingia ukungu, hata sasa faili zile ndizo zilizobaki. Mama yangu hajui diski ni nini wala hajali. Kila akiniona na bisibisi huuliza swali moja: "Sauti ya mamangu iko salama?"

Mwaka huu swali hilo lilikuja wakati mgumu. Kila diski huwa na daftari lake la afya, liitwalo SMART, ambamo hujiandikia yenyewe maradhi yake. Mojawapo ya zile mbili ilianza kuandika sekta mbovu, yaani vipande vya uso wake visivyoweza tena kushika maandishi. Zilikuwa 8, na baada ya wiki chache zikapita 200. Sekta chache zikikaa hapo zilipo si jambo la kuhangaisha sana, lakini idadi inayopanda ni ishara ya kuondoka. Tena nafasi ilikuwa imekwisha, na arusi ya binamu yangu ilikuwa njiani na video zake. Jamaa wakachanga, na mpwa wangu aliyekuwa Dubai akaja na diski mbili za terabaiti 12, zile zinazouzwa ndani ya kasha la plastiki kwa kuchomekwa kwa waya wa USB. Aghalabu huwa nafuu kuliko diski tupu ya ukubwa uleule, na ndani ya plastiki ile mna diski ya kawaida kabisa. Tulizijaribu kwanza zikiwa ndani ya makasha yake, zikafanya kazi, ndipo tukazitoa na kuzifunga ndani ya seva.

Seva ikawaka, diski za zamani zikaonekana, mpya hazikuonekana. Si moja, zote mbili.

Shemeji yangu, mwenye haraka ya kutoa hukumu, alisema pale pale, "Shemeji, hizi zimekufa. Zirudishwe zilikotoka." Lakini Dubai si Marikiti, na plastiki ilikwisha kufunguliwa. Tena diski mbili zilizokuwa hai asubuhi hazifi pamoja adhuhuri bila sababu moja inayozigusa zote mbili. Hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi: wakati wa kutafuta ubovu, kinachoshirikiwa na vilivyoharibika ndicho cha kutiliwa shaka mbele ya vyenyewe.

Mtu hana haja ya vyombo vya ajabu. Ana masikio na vidole. Diski ya namna hii ina sahani ndani yake zizungukazo maelfu ya mara kwa dakika, na ukiweka ncha za vidole ubavuni mwake kompyuta inapowashwa utahisi mtetemo mdogo, kama paka aliyelala. Za zamani zilitetemeka. Mpya zilikuwa kimya kama jiwe. Kwa hiyo tatizo halikuwa programu wala mpangilio wa faili, kwani diski isiyozunguka haijafika huko. Ni umeme. Wengi hupoteza siku nzima wakibofya menyu za kompyuta, ilhali diski yenyewe haijaamka.

Nikabadilishana waya: nikachukua waya wa umeme na waya wa data vya diski ya zamani iliyo nzima, nikavichomeka kwenye mpya. Kimya. Waya basi hazikuwa na kosa. Nikairudisha diski mpya kwenye ubao mdogo wa kasha lake la plastiki, nikaiunganisha kwa USB, ikazunguka na kuonekana mara moja. Diski ileile ni hai kule na maiti huku. Hapo shemeji akavuta kiti akakaa.

Tofauti ya kule na huku ni hii. Plagi ya umeme ya diski za SATA ina pini 15. Baadhi huleta volti 12 za kuzungusha mota, baadhi volti 5 za ubongo wa diski, na tatu za mwanzo zilitengwa tangu kale kwa volti 3.3, ambazo diski nyingi hazikuwahi kuzitumia. Ilipofika mwaka 2016, toleo jipya la kanuni za SATA liliipa pini ya tatu kazi nyingine: volti zikifika hapo, diski izime na ibaki imezimwa. Lengo ni la watu wenye majumba yaliyojaa diski kwa maelfu, ili diski iliyoganda iweze kuzimwa na kuwashwa kutoka mbali bila mtu kuiendea. Kwao ni neema. Lakini kisanduku cha umeme cha kompyuta yetu, kile mafundi wakiitacho pawasaplai, kilitengenezwa kwa desturi ya kale. Kilipeleka volti 3.3 kwenye pini ile bila kukoma, na diski mpya zikatii amri ambayo hakuna aliyezipa. Ubao wa kasha la USB haupeleki volti hizo, ndiyo maana kule zilikuwa hai.

Dawa yake huwachekesha watu: kipande cha tepu. Tepu yenyewe lakini isiwe ile ya kufungia karatasi, kwani gundi yake huyeyuka kwa joto na kuchafua pini. Inayotakiwa ni ile nyembamba ya rangi ya kaharabu iitwayo Kapton, inayostahimili joto. Mafundi wa simu huitumia kukinga sehemu za jirani wanapochomelea, nami niliomba kwa mmoja wao mtaani akanikatia urefu wa kidole. Kipande kidogo juu ya pini tatu za mwanzo upande wa diski, kwa kibano na mkono usiotetemeka, basi. Kuna njia ya pili, ya kutumia kiunganishi kinachotoka kwenye plagi kubwa ya zamani ya pini nne, ambayo haina volti 3.3 kabisa. Mimi siipendi. Viunganishi vya bei rahisi ambavyo waya zake zimemiminiwa plastiki pamoja vimejulikana kwa kuyeyuka na hata kuwaka moto, na seva yetu hukaa ghorofani juu ya vyumba vya kulala watoto.

Kompyuta ikawashwa tena, na safari hii vidole vilihisi mtetemo katika diski zote nne. Hata hivyo iliyoonekana ni mpya moja tu.

Sasa ugonjwa ulikuwa mwingine, maana diski hii ilikuwa ikizunguka. Umeme umefika, njia ya data ndiyo iliyozibwa. Nikafungua kitabu cha ubao mkuu wa kompyuta, kile kijitabu ambacho watu hukitupa pamoja na boksi, na humo mlikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo: ukijaza nafasi ya diski ile fupi kama kijiti cha ubani, iitwayo M.2, matundu mawili ya SATA hufungwa. Mfumo wa seva yetu umekaa katika diski ya namna hiyo. Mbao za namna hii ni nyingi. Njia ni chache kuliko matundu, nazo hugawana. Nikahamisha waya hadi tundu jingine, na diski ya pili ikajitokeza.

Mafundi wengi mwambao wangeanza na chumvi, na sikuisahau. Upepo wa bahari hula shaba, na katika nyumba za karibu na maji kuchomoa plagi na kuichomeka tena mara mbili tatu huponya magonjwa yasiyo na jina. Kwa diski mpya haikuwa sababu. Wala haukuwa uhaba wa umeme, ingawa ni jambo la kupigiwa hesabu kabla ya kuongeza: diski kubwa inapoanza kuzunguka huweza kuvuta takriban ampea 2 katika volti 12, na zikiwa nne zikaanza pamoja ni karibu wati 100 kwa sekunde chache, juu ya mahitaji ya kompyuta yenyewe.

Ilibaki hatua ya tatu, na kwangu hii ndiyo ya hatari, kwani mbili za kwanza haziwezi kumpotezea mtu kitu ila wakati. Diski mpya ikishaonekana na ubao mkuu bado haionekani miongoni mwa faili, kwa sababu haijagawanywa wala kuandaliwa. Ni lazima ipewe jedwali, nalo liwe la mtindo wa GPT, kwa kuwa lile la kale, MBR, kwa kawaida haliwezi kuhesabu kupita takriban terabaiti 2. Kutoa amri hiyo ni kazi ya sekunde moja, na ukiitoa juu ya diski isiyo yake, nasaba yote ya Pate na Siyu imekwenda. Katika Linux diski huitwa sda, sdb, sdc na kadhalika, na majina hayo si ya kudumu. Ukiongeza diski na kuwasha upya, aliyekuwa sdb huenda akaamka sdd. Kisichobadilika ni namba ya diski iliyochapwa kwenye lebo yake. Nilikuwa nimeziandika namba zote nne kwenye karatasi kabla ya kufunga kitu, nikaibandika mlangoni mwa seva, na kabla ya kila amri shemeji alisoma namba kwa sauti nami nikalinganisha.

Na hili niliseme kwa wenye nyumba kama zetu. Ukichomoa diski ya seva ukaichomeka kwenye kompyuta ya Windows, huenda ikakwambia kwamba haiielewi, na kwamba ni lazima iandaliwe upya kabla ya kutumika. Haisemi kwamba diski ni tupu. Inasema haijui lugha yake. Kijana aliyebofya ndiyo kwa nia njema ameshafuta arusi za watu. Wafundisheni walio nyumbani kubofya hapana na kuita mtu.

Kuijaza diski ya terabaiti 12 mpaka mwisho, kwa kasi ya megabaiti 190 hivi kwa sekunde, ni kazi ya saa 17 na ushei, nami niliziandika na kuzisoma zote mbili mzima mzima kabla ya kuziamini. Ndipo tukahamisha. Diski ya zamani iliyo mgonjwa niliitoa siku hiyo hiyo na kuiandikia kwa kalamu nene: ISITUMIKE. Mwenzake mzima alipewa kazi nyingine. Diski mbili zinazoandikana ndani ya seva moja si nakala. Anayefuta faili huifuta kotekote, na radi haichagui. Kwa hiyo ile nzima ya terabaiti 4 ilijazwa sauti, hati na picha za kale, ikafungwa katika taulo ndani ya bati la biskuti, na Jumamosi ikapanda matatu hadi Malindi kwa shangazi, ambaye ameagizwa kuileta kila anapokuja Mombasa ili iongezwe mapya.

Usiku kabla haijaondoka mama aliomba asikie. Nikafungua kaseti ya tatu, mahali nyanya anapotaja majina ya dada zake, na nyuma yake kunasikika jogoo na mtu anayetwanga. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akataka arudishiwe nyuma kidogo, pale penye jina ambalo wajukuu wamekuwa wakilikosea.