Mashine ya Marekani, Stima ya Kenya

Leo tuache programu kidogo, tuongee juu ya stima.

Mjomba alirudi kutoka Marekani na amplifaya pamoja na mashine ya kuchezea santuri. Mama alifurahi kuliko sisi sote. Kuna santuri moja ambayo marehemu baba aliimba na kwaya, na hatukuwa na pa kuichezea.

Mimi kwa haraka zangu nikabadilisha plagi, nikachomeka amplifaya ukutani. Pa! Fyuzi ikakatika, sebule ikajaa harufu ya kuungua. Nimezoea makosa yanayojieleza kwenye skrini, lakini stima haikupi ujumbe wowote.

Jibu lilikuwa limeandikwa nyuma ya mashine: 120V, 60Hz. Stima yetu ni 240V, 50Hz. Volti zikiwa maradufu, kifaa kinaweza kuvuta nguvu mara nne. Fyuzi ndiyo iliyoniokoa.

Nikanunua transfoma ya kushusha volti. Amplifaya imeandikwa wati 200, nikachukua transfoma ya wati 500 ili isichemke. Safari hii muziki ukatoka vizuri redioni. Basi tukaweka santuri ya baba.

Mama akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hii si sauti ya baba yako."

Alikuwa sahihi. Transfoma hubadilisha volti tu, ile 50Hz haiigusi. Amplifaya haijali sana, maana ndani yake stima hugeuzwa kuwa DC. Lakini mota ya mashine yetu hufuata mapigo ya stima yenyewe. Ikipata 50 badala ya 60, santuri ya mizunguko 45 kwa dakika huzunguka 37.5. Wimbo unajikokota, na baba anaimba besi ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Fundi mmoja wa jua kali alinichongea kapi jipya la mota, lenye kipenyo kikubwa zaidi kwa asilimia 20. Mkanda ukarudi kwenye mwendo wake. (Kama mashine yako ina mota ya DC, huna shida hii, transfoma yatosha.)

Jumapili tukaicheza tena. Mama hakusema kitu. Ilipoisha, akaniomba niirudishe mwanzo.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujachomeka, geuza mashine usome namba zote mbili: volti na hezi. Haya, tuonane wiki ijayo.