Hesabu Ilikuwa Kweli, Lakini Nyumba Ilitaka Unga

Natoa ushuhuda huu kwa ndugu zangu wa Lubumbashi waliopoteza kazi, hasa wale wanaojua hesabu na wanaoambiwa kwamba kuna meza mjini ambako hesabu inalipa. Nimeketi kwenye meza hiyo. Leo bado nina nyumba, mke na watoto, na namshukuru Mungu.

Nilikuwa karani wa mizani katika kampuni ndogo iliyopakia magunia ya kobalti kwenye malori ya kwenda Kasumbalesa. Bei ya kobalti duniani ilikuwa imeporomoka. Februari 2025 serikali ikasimamisha uuzaji wake nje ya nchi kwa miezi minne ili bei ipande, kisha ikaongeza mitatu, na Oktoba ukaja utaratibu wa mgawo wa mauzo. Malori yaliposimama, nasi tukasimama. Nilichukua malipo yangu ya mwisho nikarudi Katuba, kwa watoto waliosubiri ada ya sekondari.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenieleza habari za blackjack, mchezo wa ishirini na moja, na alichonieleza hakikuwa uongo. Mwaka 1962 mwanahisabati Mmarekani, Edward Thorp, alitoa kitabu kiitwacho Beat the Dealer. Kwa kutumia kompyuta ya IBM 704 alionyesha kwamba mchezaji anayefuatilia karata zilizokwisha kutoka anaweza kumshinda mwenye meza. Sababu yake inaeleweka: karata ikishatoka hairudi mpaka zichanganywe upya. Zikibaki kubwa nyingi, mchezaji ana nafasi nzuri ya kupata ree na kumi, ambazo kwa kawaida hulipwa mara moja na nusu ya dau. Krupie, yaani anayegawa karata kwa niaba ya meza, naye analazimika kuchukua karata akiwa na 16, na hapo ndipo mara nyingi anapovuka 21 na kulipa wote waliobaki mchezoni.

Njia niliyofundishwa hata mtoto anaweza kuifahamu. Mbili hadi sita, ongeza moja. Saba, nane na tisa, ziache. Kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree, toa moja. Ikitoka tano, tatu, sita na mfalme, una mbili. Halafu unagawanya jumla hiyo kwa pakiti unazokadiria kuwa zimebaki, na jibu likiwa kubwa unaongeza dau. Usiku, umeme ukiwa umekatika, niliwasha taa ya simu na kuzimwaga karata mkekani mbili mbili, kubwa na ndogo zikifutana. Pakiti nzima ya karata 52 lazima iishie sifuri. Isipoishia sifuri, kuna moja iliyokupita. Nilifanya mazoezi mpaka sifuri ikawa inakuja yenyewe.

Siku nilipokwenda kasino ya mjini, mambo mezani yalikuwa mengine. Noti yangu moja ya dola ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, wakaikataa, kama noti za aina hiyo zinavyokataliwa katika mji huu. Nikabadilisha zilizobaki kuwa jetoni. Dau la chini lilikuwa dola 10. Pakiti zilikuwa sita, karata 312, na krupie alizichanganya upya kabla hazijaisha, kwa hiyo mara nyingi hesabu ilipoanza kupanda, ilikatwa. Pembeni kulikuwa na muziki, vinywaji, na mtu akikuuliza unatoka mtaa gani. Hata hivyo niliishika hesabu yangu.

Hatimaye ikapanda kweli. Nikaweka dola 30. Nikapewa malkia na kumi, yaani 20. Krupie alikuwa na sita, karata mbaya kuliko zote kwake. Akavuta tano. Akavuta kumi. Ishirini na moja. Kila nilichofanya kilikuwa sawa, na dola 30 zikaenda.

Hapo ndipo nilipoielewa hesabu nyingine, ambayo mwenzangu hakunieleza. Mtu anayehesabu vizuri sana, kwenye meza yenye masharti mazuri, hupata faida ya kama asilimia moja ya anachoweka. Cheza mara mia kwa dola 10: faida ya kutarajia ni dola 10. Lakini katika mara hizo mia, pesa yako huyumba juu au chini kwa zaidi ya dola 100, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kwa hiyo usiku mmoja, hata juma zima, hauwezi kukuonyesha kama unajua au hujui. Wanaoishi kwa kazi hii huweka akiba ya madau kama elfu moja, yaani dola 10,000 kwa meza kama ile. Thorp mwenyewe alipokwenda Nevada kuijaribu njia yake, alibeba dola 10,000 za wafadhili. Faida ile ni ya mtu anayeweza kungoja.

Niliinuka, nikabadilisha jetoni zilizobaki, nikapanda basi kurudi Katuba. Nilimweleza mke wangu yote, na karatasi ya hesabu nikaiweka mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Papa, wakati tunangoja, watoto watakula nini?"

Swali hilo ndilo lililotuvusha. Alikuwa katika likelemba, mchango wa zamu, ya akina mama wa mtaani, na wanachama wakakubali zamu yake iletwe mbele. Tukaiunganisha na kile kilichobaki kwenye malipo yangu, tukanunua mifuko ya unga wa mahindi uliotoka Zambia, na tukaanza kuuza mlangoni kwa meka, yaani kwa kipimo. Faida ya meka moja ni ndogo, lakini jioni unaihesabu na iko pale. Mizani niliyoijua kazini ikanisaidia: sikumpunja mtu, na wateja wakarudi. Ada ililipwa kidogo kidogo. Bukari haikukosekana.

Ndugu yangu, sikuambii kwamba kuhesabu karata ni uongo. Ni elimu ya kweli, na anayeipenda anaweza kuisoma kwa ajili ya akili yake. Ila kabla hujaketi kwenye ile meza, jiulize: pesa hii ikiisha yote usiku huu, kesho nyumbani kuna unga? Kama hakuna, hiyo si pesa ya karata, hata kama hesabu yako haina kosa. Na kama umeshaanza na moyo unakuvuta kurudi, usikae na siri hiyo peke yako. Mwambie mtu wa nyumbani kwako leo hii.