Laiti Wangempima Kaka Yangu

Mwaka jana kaka yangu alishinda mbio za kilomita 10 kule kwetu. Nilidhani majirani wangemshangilia. Wapi! Sokoni mtu alimwuliza mbele ya watu, "Wewe ulidungwa nini?" Watu wakaangua kicheko. Kaka hakujibu. Usiku huo hakugusa chakula.

Kwa kweli, nilijua shaka hiyo ilitoka wapi. Mwaka wa 2014 Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago, alipatikana na EPO. Mwaka wa 2017 ikawa zamu ya Jemima Sumgong, mshindi wa marathoni ya Olimpiki ya 2016. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

EPO ni nini hasa? Ni homoni inayotengenezwa na figo. Huuamrisha mwili uunde chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Anayejidunga ile ya kiwandani hachoki upesi, lakini damu yake huwa nzito na moyo huweza kusimama.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Mwaka wa 2000, wakati wa Olimpiki ya Sydney, wataalamu walianza kuitambua EPO ya kiwandani. Walaghai nao wakategemea jambo moja: dawa hiyo hutoweka mwilini baada ya siku chache. Basi mwaka wa 2009 ikaja pasipoti ya kibayolojia. Hii haitafuti dawa yenyewe, bali nyayo zake. Damu ya mwanariadha hupimwa mara kwa mara na kulinganishwa na damu yake mwenyewe ya awali. Je, himoglobini imepanda? Chembe changa zimepungua ghafla? Mwizi ametoroka, lakini nyayo ziko matopeni! Mwaka wa 2018 maabara ya kupima damu hiyo ilifunguliwa hapa Nairobi.

Nilimweleza kaka haya yote nikidhani ataogopa sindano. La hasha! Alikunja shati, akanyoosha mkono na kusema, "Laiti wangenipima mimi!" Lakini wanaofuatiliwa hivyo ni mabingwa wakubwa. Mkimbiaji wa kijijini hana pasipoti wala cheti. Ana neno lake tu.

Wenzangu, kabla sijaweka kalamu chini, nawaambia hivi: mdanganyifu haibi medali peke yake. Aliiba pia furaha ya kaka yangu siku ile.