Aliambiwa ni filamu ya kuchekesha

IJUMAA moja saa kumi na moja jioni, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la nne, mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, aliandika ujumbe ambao huandikwa humo karibu kila wiki: “Jamani, nipeni filamu ya kuangalia na watoto leo. Bando ninalo, filamu sina.”

Majibu yakamiminika. Mzazi mmoja alitaja katuni ambayo wanawe wameirudia mpaka wanayasema maneno kabla wahusika hawajafungua mdomo. Mwingine alituma picha ya bango tu, bila jina. Baba mmoja, ambaye huonekana kundini siku za kukumbushana ada peke yake, aliandika “Home Alone” na kunyamaza tena. Mzazi wa nne akaandika: “Supa Modo. Ya Kenya. Mtoto wa kike shujaa, ana nguvu za ajabu. Mtacheka!”

Huyo wa nne ndiye aliyesikilizwa. Filamu ni ya hapa jirani, ndani yake kuna Kiswahili, na shujaa wake ni mtoto mwenye nywele kama za watoto wa Tabata. Mama alishukuru kwa alama ya mikono miwili, akaenda kukaanga bisi.

Hakuna aliyemuuliza watoto wake wana umri gani, wala wanaendeleaje. Na yeye hakusema. Mtoto wake wa kati, mwenye miaka tisa, ana selimundu.

Ijumaa ya filamu katika nyumba hiyo ilianza kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Msimu mmoja wa masika kijana alilazwa siku kumi na mbili kwa maumivu ya miguu na kifua, na aliporudi nyumbani hakuruhusiwa kutoka nje kwenye baridi. Dada yake, aliye kidato cha pili, aliunganisha simu ya baba na televisheni. Wakatandika mkeka, wakachemsha chai ya tangawizi, wakaangalia filamu mbili mfululizo mpaka kitinda mimba akalala na bisi mkononi. Mvua zikaisha, mgonjwa akapona, lakini mkeka ukaendelea kutandikwa kila Ijumaa.

Baada ya miezi michache mama alianza kuandika. Si jambo la kitaalamu, ni daftari la hesabu lililobaki kurasa. Ameandika jina la filamu, nani aliipendekeza, na nini kilitokea sebuleni. Hilo la mwisho ndilo lenye faida, maana muhtasari ulioandikwa chini ya picha ya filamu hausemi nani atalia.

Kwenye Queen of Katwe, ya mwaka 2016, aliandika: “Nzuri sana. Wote watatu. Maswali mengi kuhusu nyumba kufurika.” Ni filamu ya Mira Nair kuhusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi barabarani kabla ya kujifunza chesi na kuwa bingwa. Lupita Nyong’o ameigiza kama mama yake. Baba wa nyumba hiyo hupenda sehemu za chesi. Mama hupenda zile ambazo Lupita anahesabu hela na kukuta hazitoshi. Wiki iliyofuata dada mkubwa alichora ubao wa chesi kwenye boksi la maziwa na kutumia vifuniko vya soda kama askari.

Kwenye The Boy Who Harnessed the Wind, ya mwaka 2019, kuna mstari mmoja tu: “Mbwa anakufa.” Chiwetel Ejiofor aliongoza filamu hiyo na pia kuigiza kama baba wa William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyefukuzwa shule kwa kukosa ada, akajisomea maktaba na kutengeneza kinu cha upepo wakati wa njaa. Watu wanateseka humo kuanzia mwanzo, na watoto walivumilia. Mbwa wa William alipokufa kwa njaa, kitinda mimba, ambaye nyumbani kwao hawafugi hata kuku, alilia mpaka akabebwa. Kwa watoto wa shule ya msingi bado ni filamu ya kuangalia bila wasiwasi, mradi mzazi ajue mbwa yupo.

Coco, ile katuni ya Pixar ya mwaka 2017 kuhusu mtoto wa Meksiko anayevuka kwenda nchi ya wafu, ilipendekezwa na mfanyakazi mwenzake baba kama “ya muziki tu.” Ni ya muziki kweli. Pia ina mifupa inayotembea kutoka robo ya kwanza mpaka mwisho. Kitinda mimba hakuiogopa hata kidogo. Bibi, aliyekuwa amekuja kutoka Moshi, ndiye aliyeomba taa iwashwe. Lakini yeye pia ndiye aliyekaa mpaka saa tano usiku akiwasimulia wajukuu habari za babu yao, ambazo hata baba alikuwa hajazisikia.

Sarafina! ina alama ya mkasi. Baba ndiye aliyeisisitiza. Aliiona utotoni kwenye kibanda umiza na alichokumbuka ni nyimbo, Whoopi Goldberg akiwa mwalimu, na wanafunzi wa Soweto wakicheza kwa magwanda ya shule. Kumbukumbu ilikuwa imeuficha moto. Wanafunzi walipomchoma askari, baba aliruka kutoka kwenye kochi na kusimama mbele ya televisheni amenyoosha mikono kama golikipa, huku sauti ikiendelea nyuma yake. Filamu tulizozipenda tukiwa wadogo ndizo tunazopendekeza kwa kujiamini zaidi, na ndizo ambazo hatujaziangalia upya kwa miaka thelathini.

Vuta N’kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iko ukurasa wa peke yake. Mama aliisubiri kwa hamu kwa sababu riwaya ya Adam Shafi aliisoma akiwa binti, na Zanzibar ya miaka ya 1950 imepigwa picha kwa uzuri wa kumtoa mtu machozi. Ameandika: “Watoto wakishalala.” Na chini yake, kwa kalamu nyingine: “Wakishalala kweli.”

Ukurasa wa watoto kwenye Netflix umewekwa, na ule wa wakubwa umefungwa kwa namba ya siri ambayo dada mkubwa anadai haijui. Unasaidia kwa matusi na mapigano. Hauwezi kujua ni nani ndani ya nyumba anayeumwa.

Basi Ijumaa ile wakatandika mkeka, na Supa Modo ikaanza.

Filamu hiyo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018, inaanza hospitali. Jo ni mtoto wa miaka tisa anayependa filamu za mashujaa kuliko chakula. Mama yake anakuja kumchukua kumrudisha kijijini, si kwa sababu amepona, bali kwa sababu madaktari hawana cha kufanya tena.

Mama wa Tabata alielewa ndani ya dakika chache. Alimtazama mumewe, na mumewe akatazama chini. Rimoti ilikuwa karibu na goti la kijana. Akanyoosha mkono taratibu, kama mtu anayechukua bisi.

“Mama, acha,” kijana akasema bila kugeuka. “Nataka kuona.”

Wakaacha. Sehemu za kuchekesha zilikuwepo, tena nyingi. Dada yake Jo anabuni hila za kumfanya mdogo wake aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinajiunga kwenye mchezo huo, mpaka wanaamua kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Kitinda mimba alicheka hadi akapaliwa. Kijana naye alicheka.

Lakini kuna mambo mengine humo. Mama yake Jo anataka mtoto akae ndani, apumzike, alindwe. Anakasirika akisikia katolewa nje. Hana ubaya wowote. Ni mzazi anayehesabu siku na anaogopa kupoteza hata moja.

“Huyu mama ni kama wewe,” kijana akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema kwamba fulani kavaa viatu kama vya mjomba. Dada mkubwa aliacha kutafuna. Baba akasafisha koo, halafu akanyamaza.

Mwisho wa filamu Jo anafariki, na kijiji kinabaki na filamu yake. Hakuna aliyenyanyuka kuwasha taa. Kitinda mimba aliuliza Jo kaenda wapi, na dada yake akambeba kwenda kulala.

Mama aliingia chumbani akiwa na maji na kidonge cha foliki cha kila siku. Alikuwa amejiandaa kwa swali kuhusu kifo. Njiani, kwenye korido, alikuwa amepanga maneno: dawa ziko, kliniki anakwenda, watu wengi wenye selimundu wamekua, wamesoma, wanafanya kazi. Yote ni kweli, na ameshayasema mara nyingi.

Kijana alimeza kidonge, akanywa maji yote kama alivyozoeshwa, akauliza: “Kwa nini walisubiri mpaka anakaribia kufa ndiyo wakamwacha acheze?”

Kwa maneno aliyokuja nayo mama, hakuna hata moja lililofaa. Alichukua glasi, akasema, “Lala, baba,” na kuzima taa.

Usiku huo aliandika ujumbe mrefu kwa yule mzazi wa nne. Aliandika kwamba mtu hatakiwi kupendekeza kitu asichokijua, kwamba watoto wa wenzetu si wa kufanyiwa majaribio. Akausoma mara mbili, akaufuta. Asubuhi alipiga simu badala yake. Mwenzake alishtuka sana. Alikuwa hajui kuhusu ugonjwa wa kijana, na kuhusu filamu alikuwa na la kukiri.

“Kusema ukweli, dada yangu, mimi nilikuwa jikoni,” alisema. “Niliwasikia tu wanacheka.”

Wakacheka na wao, ingawa mmoja alikuwa anafuta macho.

Siku ya kliniki ilikuwa wiki mbili baadaye. Kwa miaka mitatu mama alikuwa akiuliza maswali yaleyale kuhusu damu, homa na dozi, na safari hii aliuliza kuhusu mpira. Daktari alimgeukia kijana kwanza, akamuuliza anacheza nafasi gani. Kijana akasema hachezi nafasi yoyote, huwa anashika mashati ya wenzake. Daktari akaeleza kwa wote wawili: acheze, lakini anywe maji kabla, wakati wa kucheza na baada. Apumzike akichoka, asisubiri kuzidiwa. Asicheze jua kali la mchana, asikae na jasho kwenye upepo, asiingie maji ya baridi. Mwalimu wa michezo aambiwe ili asimkimbize kumkomesha uvivu. Maumivu yakianza, atoke uwanjani palepale, na homa ikipanda aletwe hospitali bila kungoja kesho.

Ilikuwa orodha ndefu. Mama aliiandika nyuma ya daftari la filamu, kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye mkoba.

Sasa Jumamosi saa kumi na moja, jua likiwa limepungua, kijana hucheza dakika kumi na tano, hukaa, hucheza tena kumi. Mama hukaa kwenye tofali pembeni ya kiwanja na chupa ya lita moja na nusu na sweta. Wenzake kijana wameshazoea. Mmoja wao humfuata mama kuomba maji hata kama haumwi chochote. Mara moja tangu hapo maumivu yamemshika usiku, wakakimbizana na dawa na kitambaa cha moto mpaka alfajiri. Mama alitaka kuufuta mpira kabisa. Baba alimuuliza kama hajawahi kuumwa wiki ambazo hakucheza. Walibishana, kijana akiwasikia, na Jumamosi iliyofuata alipumzika. Ile iliyofuata akarudi uwanjani.

Kundini bado Ijumaa zinafika na ujumbe ni uleule. Wiki iliyopita baba mmoja mpya aliomba filamu, na kabla mama hajajibu tayari kulikuwa na mapendekezo tisa. Yeye akaandika: “Wana miaka mingapi? Nyumbani kuna mgonjwa, au msiba wa karibuni?” Wengine walidhani amekosea kundi. Yule baba akajibu kwamba ana mapacha wa miaka minane, wazima, ila mama yao yuko masomoni nje ya nchi na wanamkumbuka sana.

Kijana, aliyekuwa anasoma begani kwa mama yake, aliomba simu arekodi sauti. Akajikohoza kama mtangazaji.

“Shikamoo baba. Kuna filamu inaitwa Supa Modo. Mtoto anaumwa, mwisho anakufa, mjue kabisa kabla hamjaanza. Lakini inachekesha. Ila hao wako kama wanamkumbuka mama yao, waanze na ile ya chesi, mama yupo mwanzo mpaka mwisho.”

Akarudisha simu, akauliza sweta yake iko wapi.