Picha za Saa Moja

Mdogo wangu alipokuwa na miaka 13, hakuna picha yake iliyozidi kiganja. Alichora nyuma ya risiti za duka la dawa, kwenye kurasa za mwisho za daftari la Hisabati, hata kwenye maboksi ya vidonge aliyoyafungua na kuyanyoosha: daladala, kuku wa jirani, mikono ya mama ikichambua mchele. Kila picha aliimaliza kwa mkupuo mmoja, saa moja au pungufu, wala hakuigusa tena. Nilimuuliza kwa nini haachi kiporo cha kesho. “Dada,” akasema, “nikiiacha nusu halafu maumivu yakanikuta, nitarudi nimeshaisahau.”

Ana sikoseli. Chembe nyekundu za damu yake zikikosa oksijeni hujikunja umbo la mundu, hukakamaa na kuziba mishipa midogo, na hapo palipozibwa ndipo panapouma. Baridi huyaamsha maumivu hayo, homa huyaamsha, hata kiu. Kipupwe cha Julai, ambacho Dar es Salaam nzima hukifurahia, kwetu kilikuwa msimu wa masweta na dripu. Alilazwa, akaongezewa damu, akarudi na macho ya manjano akakuta darasa limeshamwacha mbali. Baba na mama kila mmoja alibeba nusu ya ugonjwa bila kuugua, kama ninavyoibeba mimi. Nusu hiyo humkinga mtu na malaria kali, jambo alilolionyesha Anthony Allison mwaka 1954 kwa uchunguzi alioufanya huku kwetu Afrika Mashariki. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, katika kila mimba upo uwezekano wa mmoja kati ya minne kwamba mtoto atazichukua nusu zote mbili. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa hivyo Tanzania kila mwaka. Hata hivyo mtaani walimtazama kama aliyeugua peke yake nchini.

Alipokuwa kidato cha pili, mjomba alimpeleka kwa wachoraji wa Tingatinga, kule Oysterbay. Alirudi kimya, na safari hii hakuwa anaumwa. Alikuwa ameona rangi za mafuta juu ya hadibodi, namna aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Rangi hizo hazitaki haraka. Unapaka ya chini, unaiacha ikauke, ndipo uweke mnyama, naye akauke, ndipo zije nakshi. Kazi moja hudai siku kadhaa za uzima zinazofuatana, na hizo ndizo alizokosa. Bodi zake za mwanzo zilirundikana nyuma ya mlango: chui asiye na madoa, mbuyu usio na matawi. Akitoka wodini hukuta rangi imefanya utando koponi.

Kilichobadilisha mambo ni dawa iitwayo haidroksiyurea. Huuchochea mwili utengeneze tena hemoglobini ya utoto wa tumboni, ambayo haijikunji. Wakati ule ilikuwa adimu na ghali. Ukoo mzima ulichanga, na kila mara ilibidi apimwe damu, maana yaweza kushusha chembe nyeupe. Maumivu hayakukoma, ila yaliachana nafasi. Na picha zikakua. Ilianza bodi ya kadiri ya sinia, ikafuata ya kadiri ya meza. Kisha likaja jambo lililonifurahisha kuliko ukubwa wenyewe: alianza kufuta. Alikwangua twiga mzima kwa kisu kwa sababu shingo haikumridhisha, akaanza upya siku iliyofuata.

Watu humsifu kwamba anachora “pamoja na ugonjwa wake”, na sifa hiyo huniuma. Hawaitazami picha, wanamtazama mgonjwa. Yeye anataka aulizwe kuhusu rangi.

Sasa ni mtu mzima. Kichwa cha mfupa wa paja la kushoto kimekufa kwa kukosa damu, hawezi kusimama sana, kwa hiyo bodi tunamlazia mezani. Aliyonayo sasa ni hadibodi nzima, futi 4 kwa 8, soko la samaki la Feri kunapokucha. Anga ameipaka, akaikwangua, akaipaka tena. Mama anamsihi aiache, imeshapendeza. Anamjibu kwamba bluu ile ni ya saa nne asubuhi na wavuvi wake wametia nanga alfajiri, kisha ananituma kopo jingine.