Nalipa Mimi, Anapika Mama

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana limeshaniletea matatizo nyumbani. Nilipokuwa Bangkok kwa mafunzo ya wiki sita, jioni moja nilimwandikia dada yangu kwamba tumekwenda kula hotpoti. Akanijibu papo hapo: "Nani amelazwa?" Teh teh teh! Wala simlaumu. Kwetu hotpoti ni kile chombo cha kubebea chakula kisipoe, na ukikiona ndani ya kikapu asubuhi kwenye daladala, basi ama kuna mgonjwa hospitali ama kuna msiba mahali. Hotpoti ninayoizungumzia leo ni nyingine. Ni sufuria ya supu inayokaa katikati ya meza, inachemka mbele ya macho yenu, mnatumbukiza vitu vibichi wenyewe, vikiiva mnavua, mnakula, mnatumbukiza tena. Wathai wanaiita suki.

Naandika kuhusu suki kwa sababu kuna swali linanisumbua tangu nilipoanza kupokea mshahara. Swali ni hili: mzazi unamtoa vipi?

Ndugu msomaji, kama uko kwenye kazi yako ya kwanza au ya pili, najua unaelewa ninachosema. Umelelewa, umesomeshwa, umepata kibarua chako mjini. Moyo unakutuma umfurahishe mama. Unampeleka mahali pazuri penye kiyoyozi. Mama anapewa orodha ya vyakula, na badala ya kusoma majina ya vyakula anasoma bei. "Elfu ishirini na tano, samaki mmoja? Si ningekwenda Feri mwenyewe!" Anaishia kuagiza soda na kipande cha kuku. Anakaa mikono ameiweka mapajani, mhudumu akipita anajisogeza kama yeye ndiye anayesumbua watu. Mkitoka nje anakushukuru sana, anakuombea dua, halafu mkifika nyumbani anaingia jikoni kupasha kiporo. Mara ngapi nimeyaona haya! Wenzangu wanasema wazazi wetu hawajazoea tu. Mimi jibu hilo halijawahi kunitosha. Mwanamke aliyelisha watu ishirini kwenye shughuli bila kutoka jasho atashindwaje kuzoea kukaa kwenye kiti?

Sasa turudi Bangkok. Mwenyeji wangu kwenye chumba cha habari alikuwa dada mmoja wa dawati la biashara, umri wetu, mshahara wa kawaida, anaishi chumba cha kupanga ambacho hakina jiko. Usishangae, vyumba vingi vya kupanga mji ule havina jiko, watu wanakula barabarani, na chakula cha barabarani pale ni kitamu na ni rahisi. Mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia, ana desturi yake: anakwenda na mama yake kula suki. Siku hiyo akanialika. Tukapanda treni ya juu, tukashuka, tukaingia kwenye jengo la maduka, tukapandisha ngazi za umeme mpaka mbele ya mlango wenye herufi mbili kubwa: MK.

MK si mgahawa wa matajiri. Ni jina ambalo Mthai yeyote wa mjini analijua, na matawi yake yanahesabika kwa mamia. Ulianza mwaka 1962 kama mgahawa mdogo wa vyakula vya Kithai pale Siam Square. Herufi zenyewe zinatokana na jina la mmiliki wa kwanza, mwanamke aitwaye Makong King Yee, na baadaye ukashikwa na mwanamke mwingine, Thongkham Mekto. Suki yenyewe ilikuja mwaka 1986 walipofungua tawi ndani ya jengo la maduka la Central Ladprao, na waliokuza biashara hiyo ni binti wa Thongkham na mumewe, Rit Thirakomen. Mwaka 2013 kampuni ikaingia soko la hisa la Thailand. Yaani kilichoanza kama mgahawa wa mama mmoja kikaishia kwenye hisa!

Hata hivyo MK hawakubuni suki. Kula kwa kuchemsha mezani ni mila ya Wachina, na Wathai wenye asili ya China walikuwa nayo zamani. Jina wameliazima kwa Wajapani, kutoka sukiyaki, ingawa ukionja vyote viwili utaona havifanani. Sukiyaki ya Kijapani ina mchuzi mzito wenye sukari. Suki ya Kithai ni supu nyepesi, karibu maji matupu mwanzoni, na utamu wote umewekwa kwenye bakuli dogo la pembeni: mchuzi mwekundu wa pilipili, halafu unajiongezea mwenyewe kitunguu saumu kilichokatwakatwa, pilipili mbichi na ndimu. Mimi mtoto wa Tanga nilipoona ndimu na pilipili nikajua hapa nitapona.

Tukakaa. Mama mtu alikuwa ametangulia kufika. Nikaweka viganja pamoja na kuinama kidogo kama nilivyofundishwa, naye akaniita "luk", ambalo binti yake alinitafsiria kuwa ni mwanangu. Kisha akamwita mhudumu "nong", yaani mdogo wangu. Moyo ukatulia. Mahali ambapo mhudumu anaitwa mdogo wangu na mgeni anaitwa mwanangu, mtu wa kwetu hapotei.

Halafu nikaanza kuangalia. Si unajua tena sisi waandishi, macho hayatulii.

Orodha ya vyakula ikaja, na ina picha na bei ya kila kisahani. Vyakula vinauzwa kwa visahani vidogo vidogo: kabichi ya kichina, uyoga, tofu, mayai, tambi, viduara vya samaki wa kusaga, vipande vyembamba vya nyama, na mboga moja ya majani yenye mashina matupu ndani ambayo ni ndugu kabisa wa matembele yetu. Mama akaishika ile orodha. Akasoma bei! Nikasema moyoni, haya, tumerudi kulekule. Lakini hakushtuka wala hakunung'unika. Alikuwa anapanga. Kidole kinakwenda hapa, kinaruka pale, anamtajia mhudumu: hiki viwili, hiki kimoja, hicho acha kwanza, tukimaliza tutaona. Binti akataka kuongeza nyama, mama akakataa kwa mkono, akaagiza mboga zaidi. Binti akasisitiza bata wa kuoka, ambaye ndiye fahari ya pale, mama akakubali sahani ndogo. Ndugu zangu, huyu mama alikuwa sokoni! Hakuwa mgeni wa mtu yeyote.

Visahani vikaja vimepangwa ghorofa juu ya ghorofa ili meza itoshe. Jiko ni la umeme, limezamishwa katikati ya meza, hakuna moshi wala harufu ya gesi. Na hapo, bila mtu kuambiwa, kazi ikagawanyika. Mama akachukua upawa na kile kijiko chenye matundu. Akatanguliza vigumu, akafuatisha laini, majani akayaweka mwisho. Mimi nilipotaka kutumbukiza tambi akanizuia: bado. Akanivulia kiduara cha samaki, akakiweka bakulini mwangu. Akamvulia binti yake. Yeye akala wa mwisho, kama mama yangu, kama mama yako. Katikati ya shughuli muziki ukapigwa, wahudumu wakaacha visahani vyao na kucheza kwa mistari dakika chache (MK walijipatia umaarufu kwa mchezo huo), na mama hakuinua hata kichwa. Alikuwa na sufuria mkononi.

Tulikaa zaidi ya saa moja na nusu. Suki haikuruhusu kula haraka, maana kila kitu lazima ukisubiri, na mkisubiri mnaongea. Binti akasimulia mambo ya kazini, mama akasimulia ya jirani, mimi natafsiriwa nusu na nusu nyingine nacheka tu. Mwishoni supu ile iliyoanza kama maji ilikuwa imenyonya ladha ya kila kilichopita ndani yake. Mama akaagiza wali na yai, akavitia, akakoroga, ukawa uji mzito wa chumvi ambao mpaka leo naukumbuka ulimi ukinitoka maji. Bili ikaja. Binti akalipa. Mama akaiangalia ile karatasi, akatikisa kichwa kuridhika, kwa sababu hesabu ilikuwa ileile aliyoipiga yeye mwenyewe.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Ukimpeleka mzazi mgahawani, unampa chakula lakini unamnyang'anya cheo. Miaka thelathini yeye ndiye aliyeamua leo tunakula nini, kwa shilingi ngapi, nani apate paja na nani apate shingo. Unamkalisha kitini, unampa kitambaa, unamwambia tulia uhudumiwe. Kwa mawazo yako umempumzisha. Yeye anajiona kama amestaafishwa bila barua. Suki inafanya kitu ambacho sijakiona mahali pengine: mtoto analipa, mzazi anapika. Kila mmoja anatoa alichonacho, na hakuna anayetoka pale akiwa mdogo.

Nisije nikaonekana nimepigwa upofu na mapenzi, nieleze na upande wa pili. Sufuria moja ni sheria moja. Kwenye mafunzo tulikuwa na mwenzetu kaka wa Mombasa, Mwislamu, na suki ya kawaida imejaa nguruwe. Hata ukisema wewe utavua kabichi tu, kabichi imechemka humohumo. Kwa hiyo hakuja, na hakuwa na namna ya kuja. Chakula kinachowakutanisha watu kinajua pia kuwaacha wengine mlangoni. Wiki iliyofuata sisi ndio tulimfuata yeye. Tulikwenda Ramkhamhaeng, upande wa mji wenye msikiti wa Kituo cha Kiislamu na migahawa mingi ya halali, tukala ya kuchemsha na kuchoma mezani hukohuko. Siku hiyo yeye ndiye aliyeshika kijiko chenye matundu, na akatutawala kwelikweli!

Jambo la pili ni bei. Siku hizi Bangkok kuna vita ya suki. Mgahawa mwingine wenye matawi mengi, Suki Teenoi, ulikuja na mtindo wa kula mpaka ushibe kwa baht 219 kabla ya kinywaji na kodi, na unauza mpaka usiku wa manane. Vijana wakahamia huko, na MK wenyewe mwaka 2025 wakalazimika kuanzisha jina jipya, Bonus Suki, kujibu kwa mtindo uleule. Mwanafunzi mwenye njaa atasema afadhali, na mimi sina ubavu wa kumbishia, nimekuwa mwanafunzi mwenye njaa pia. Lakini nilipomuuliza yule mama kupitia kwa binti yake kwa nini hawaendi huko kwenye rahisi, alijibu kwa maneno machache. Kule, alisema, hakuna cha kupanga. Watu wanajaza sufuria hovyo kwa sababu kimeshalipiwa.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Kwake kupanga kilikuwa sehemu ya chakula, na hakutaka kuuziwa mlo uliokiondoa.

Sasa mimi nimerudi nyumbani, na nimeamua kutosubiri mtu afungue suki Dar. Nimenunua jiko dogo la umeme la sahani moja na sufuria pana isiyo na kina kirefu. Jumapili ya mwisho wa mwezi, umeme ukituruhusu, naliweka katikati ya meza ya mama sebuleni. Nitampa hela mkononi Jumamosi, aende sokoni mwenyewe, achague mwenyewe, abishane na wauza samaki mpaka aridhike. Supu ya kuku, matembele, bamia, pweza, ndimu na pilipili ya kutosha. Nguruwe hayumo, mlango uko wazi kwa jirani yeyote. Dada yangu ameshauliza kama itabidi alete hotpoti yake. Nimemwambia alete, ya kubebea kitakachobaki.

Wewe mwenzangu, mzazi wako ukitaka kumtoa unampeleka wapi? Na akifika huko, unamwachia nini cha kufanya? Niambieni.