Krismasi katika Vilima vya Kisii na Nyamira

Nchi ya Wakisii, au Abagusii kama wanavyojiita wenyewe, imo katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Kenya, si mbali na Ziwa Viktoria. Ni nchi ya vilima juu ya vilima, na katikati yake mabonde yenye vijito vingi. Mvua haikosi kwa muda mrefu, na udongo wake una rutuba ya ajabu. Msafiri atokaye Nairobi, akiisha kuvuka Bonde la Ufa na mashamba ya ngano ya Narok, huona nchi ikizidi kuwa ya kijani kadiri apandavyo kuelekea magharibi. Upande wa Nyamira ni chai, tena chai, mpaka macho yachoke. Upande wa Kisii ni migomba, mahindi na miwa. Na huko Tabaka watu huchimba jiwe laini ambalo mafundi hulichonga bakuli na sanamu za wanyama, zikauzwa hata ng'ambo.

Lakini neema hiyo ya ardhi imejaa watu. Katika hesabu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira watu 605,576. Kisii wanakaa zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba, hali wastani wa Kenya nzima mwaka huo ulikuwa watu 82 tu. Shamba ambalo babu aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao, leo limekuwa mistari michache ya chai na mahali pa kujenga nyumba. Ndiyo sababu vijana wa Kisii wametawanyika sana. Utawakuta Nairobi, Nakuru na Mombasa, na wengine wengi wamevuka bahari mpaka jimbo la Minnesota, Marekani.

Basi mwezi wa Desemba ukifika, watu hao hurudi. Shule zimefungwa, ofisi nyingi zimepunguza kazi, na vituo vya mabasi hujaa watu tangu alfajiri. Nauli hupanda, nyakati nyingine mara mbili ya kawaida, nao abiria hunung'unika, kisha hulipa. Kila mmoja ana mzigo: sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, kitenge cha mama, koti la baba. Hayo ni mema, wala simlaumu mtu kwa kumletea mamaye kitenge.

Neno linalonisikitisha ni la wale ambao hawamo katika mabasi hayo. Wako watu wa Kisii walioko mjini ambao hawajafika kwao miaka mitatu, minne, hata sita, wala si kwa sababu hawana nauli. Wanaona haya kufika mikono mitupu. Mtu alipoteza kazi, au biashara yake ilianguka, naye husema moyoni mwake, "Nitaonekana na nini?" Mwingine, ili asionekane maskini, hukopa fedha katikati ya Desemba, akanunua mbuzi na soda za kijiji kizima, kisha Januari ikaja na karo ya shule, naye hana hata senti. Huyu wa pili watu humsifu kwa siku mbili. Nadhani yafaa tuulize wazee wanamngojea mtu huyu kwa ajili ya kitu gani hasa.

Mimi nimeona namna wanavyompokea mtoto. Desturi ya Wakisii ni kumpa mtoto jina la jamaa aliyekwisha kufa. Kwa hiyo kijana akileta binti mdogo aliyezaliwa mjini, mwenye jina la bibi wa zamani, wazee hawamwoni kama mgeni hata kidogo. Mzee mwenye mvi humwita mtoto huyo "mama," kwa kuwa jina lake ni la mama yake mzazi, akamshika mkono kwa heshima kamili. Mtoto hucheka asijue maana yake. Hakuna duka la Nairobi liuzalo jambo hilo. Tena ni jambo lenye muda: huyo magokoro, yaani nyanya, ambaye ndiye pekee anayekumbuka sura na tabia ya mwenye jina wa kwanza, hatakuwapo Desemba zote.

Tena kuna salamu. Asubuhi katika njia za migombani, mtu hawezi kupita akinyamaza. "Bwakire buya," kumekucha vyema, na baada ya hapo huulizwa habari za nyumba, za watoto, na za ng'ombe akiwa naye. Mtu aliyezoea kupanda ngazi za nyumba ya kupanga mwaka mzima bila kujua jina la jirani yake huona uzito katika jambo hili dogo. Jumamosi njia hizo hutulia, kwa maana Waadventista ni wengi sana huku, nao huishika Sabato kwa bidii. Utawaona wamevaa nguo safi wakienda kanisani kwa miguu. Wakatoliki nao husherehekea Noeli kwa misa na nyimbo. Jioni chakula ni obokima, ugali wa wimbi, pamoja na chinsaga, mboga yenye uchungu kidogo ambayo watu wa mjini huitamani kuliko nyama.

Sitaki mtu adhani kwamba nasifu kila kiitwacho desturi. Desemba ndiyo pia miezi ya jando, na zamani wasichana nao walikeketwa katika likizo hii. Sheria ya mwaka 2011 imekataza jambo hilo kabisa, na bado wako wanaolifanya kwa siri. Msichana anayerudi shuleni Januari akiwa mzima, huyo kwao kuna heri.

Nayo amani hakuna aipimaye mpaka itoweke. Krismasi ya mwaka 2007 watu walikula na kufurahi kama kawaida. Siku tano baadaye matokeo ya uchaguzi yalitangazwa, na mapema mwaka 2008 watu wa mpakani mwa Borabu na Sotik, Wakisii na Wakipsigis, walikuwa wakichomeana nyumba. Hao walikuwa wameuziana ng'ombe na kunywa chai pamoja miaka mingi. Jamaa wengi wa Kisii waliokaa Bonde la Ufa walirudi kwao na watoto tu, bila godoro wala sufuria; nao walipokewa, wakalala watu kumi katika chumba kimoja. Hakuna aliyewauliza wameleta nini. Leo basi likipita Chebilat, utaona watu wa pande zote mbili wakipatana bei sokoni, na abiria wengi wamelala usingizi, hawachungulii hata dirishani.

Hatari iliyobaki imo nyumbani. Desemba ndugu wote wako pamoja, basi ndipo maneno ya mipaka huzuka, na hatua mbili za ardhi zimewahi kuwatenga watoto wa tumbo moja. Heri yao walio na mzee awezaye kuwakalisha chini ya mti na kuwasikiliza mmoja mmoja. Mzee kama huyo akiwapo, yafaa habari za shamba zisemwe na kuandikwa mbele yake angali hai, si siku ya matanga.

Mgeni apendaye kuiona nchi hii na afike katikati ya Desemba, kabla ya msongamano wa magari. Apande ukingo wa Manga asubuhi; kukiwa hakuna ukungu, ataona mji wa Kisii chini yake, na mbali zaidi maji ya ziwa. Achukue koti zito, maana Nyamira jioni kuna baridi, na asikatae chai atakayopewa katika nyumba ya kwanza, hata kama ameambiwa kwamba nyumba ya pili nao wanamngoja.